Madereva Wawili Waligombana

Mtu asiniambie nisamehe. Mchungaji ameshaniambia, majirani wameshaniambia, mpaka muuza mkaa naye akatia neno lake, na wote niliwapa jibu moja: samehe wewe, kaka hakuwa wako.

Kaka yangu Ambakisye alikufa kwenye mteremko wa Nyamba, chini kidogo ya Makambako, ndani ya lori linalojiendesha lenyewe. Mwenye lori, Longino Mtweve, akatoa video ya chumba cha usukani. Ambakisye amefumba macho, shingo imelegea, na nje ya kioo mlima unapita mbio. "Alisinzia," Mtweve akasema, na hakuongeza kitu. Siku hizi video ndiyo shahidi wa kwanza mahakamani. Mtu mwenye ulimi wake husubiri zamu ya pili. Basi mama yetu akawa mama wa yule dereva aliyelala. Sokoni walimnong'ona. Kanisani walimwombea kwa sauti, na hilo lilimuuma kuliko minong'ono.

Nilitaka Mtweve alipe. Si fidia, fidia akale na wanawe. Nilitaka nimwone akivuliwa mkanda na viatu kwenye mlango wa gereza, na mimi nimesimama karibu vya kutosha anione.

*

Mambo yalianza na bibi harusi wa kijani.

Kazi yangu ni kuhariri video, hasa za harusi, katika studio ndogo tuliyofungua na Lusajo karibu na njia panda ya Makambako. Asubuhi ile nilikuwa nabanana na harusi ya watu wenye haraka, na laptop yangu ilikuwa imeamua kunikomoa. Kila nikicheza sehemu ya kuvishana pete, picha inakwama, inaruka, kisha bibi harusi anageuka kijani kuanzia paji la uso mpaka kwenye shela.

"Dada Sekela, huyu umemwozesha kwa kinyonga," Lusajo akasema, akichungulia kutoka kwenye meza yake.

"Niache. Ni hawa madereva, wanagombana tena."

Laptop kama yangu ina kadi mbili za picha. Ndogo imo humo humo kwenye ubongo wa mashine, kwa kazi nyepesi. Kubwa imekaa peke yake, inakula umeme, kwa kazi nzito. Kila kadi ina programu yake ya kuiongoza, na programu hiyo sisi mafundi tunaiita dereva. Vitabuni imeandikwa kiendeshi. Sijawahi kumsikia mtu akilitamka neno hilo isipokuwa mwalimu wa chuo, na hata yeye alikuwa anasoma. Sisi ni dereva mkubwa na dereva mdogo, tena tunawasema kama watu: huyu mvivu, huyu kaamka vibaya leo, huyu mzime tuone kama mwenzake atatulia.

Kugombana kwao si jambo geni. Mmoja akipata toleo jipya na mwenzake akabaki na la zamani, wote wawili wanang'ang'ania kuchora picha ile ile, mpaka mmoja amzime mwenzake na kuendelea peke yake. Enzi za nyuma matokeo yalikuwa rangi mbovu na kukwama, basi, unazima unawasha. Lakini kamera za sasa tunaziita macho membamba. Hazihifadhi picha zote. Zinahifadhi chache, na zilizobaki katikati hujaziwa na kadi wakati wa kutazama. Kadi inakisia. Ikiona mkono hapa na mkono pale, inachora safari ya mkono, na madereva wakigombana, inakisia uongo. Jambo hili kila mtu alifundishwa shuleni na kila mtu amelisahau.

Nilijaribu yale ya kawaida. Nikawasha upya. Nikapunguza ubora wa onyesho. Nikaangalia historia ya matoleo, nikakuta dereva mdogo amejipandishia toleo jipya mwenyewe, lile lililosambazwa nchi nzima tangu mwanzo wa kiangazi. Nikacheza tena sehemu ya pete. Safari hii kijani hakikutokea. Bwana harusi akaishika pete, na bibi harusi akafumba macho taratibu, ametulia kabisa.

Nikasimama.

"Lusajo. Huyu hakufumba macho."

"Si huyo anafumba?"

"Kamera niliishika mimi! Bwana harusi aliangusha pete ikaingia chini ya zulia, na huyu binti alitoa macho nusura yadondoke. Nilicheka mpaka kamera ikatikisika. Haya macho kayafumba saa ngapi?"

Lusajo akainuka kutoka kwenye meza yake. Alinitazama, na nikajua ameshaelewa ninachowaza.

Nikaiwasha laptop katika hali salama, ile ambayo mashine inaamka na vitu vya lazima tu, nikawafuta madereva wote wawili pamoja na mabaki yao. Nikakata intaneti ili mashine isijipachikie toleo lingine kwa ujuaji wake. Nikamweka mdogo kwanza, toleo la zamani, nikawasha upya. Nikamweka mkubwa, nikawasha upya. Kisha nikaingia kwenye mipangilio ya programu ya kuhariria, nikaiamuru itumie kadi kubwa peke yake. Nikacheza harusi. Pete ikaanguka, bibi harusi akatoa macho.

Nikafungua faili la Ambakisye. Nakala halisi tulipewa na mahakama, kwa kuwa sheria inairuhusu familia iwe na mtazamaji wake, na mtazamaji nilikuwa mimi. Nilishaitazama sijui mara ngapi kwenye laptop hiyo hiyo, na kila mara nilimkuta amelala.

Sasa alikuwa macho.

Alikuwa macho, mikono iko juu ya usukani uliofungwa, uso ameugeuzia upande, kwenye redio. Midomo ilikuwa inacheza. Kamera zile hazinasi sauti, lakini mtu yeyote mwenye ndugu kwenye malori haya anayajua maneno yale, maana ndiyo pekee yanayofungua usukani: Naomba nishike. Dereva anayekaa ndani yupo kwa sababu ya sheria tu. Hawezi kuugeuza usukani hata kidogo mpaka aombe hivyo redioni, na msimamizi wa malori aliyeko kituoni ajibu: Shika. Ndipo taa nyekundu inageuka ya kijani.

Midomo ya kaka yangu ilikutana, ikaachana, ikakutana. Naomba nishike. Taa nyekundu. Naomba nishike. Nyekundu. Aliomba mpaka mlima ulipokwisha.

Kituoni siku ile alikuwepo mtu mmoja, naye ni Mtweve mwenyewe.

"Mshenzi," nikasema. "Mshenzi mkubwa huyu!"

Lusajo akaniwekea mkono begani, nikautoa. Kulikuwa na kazi moja imebaki. Nikamrudisha dereva mdogo wa toleo jipya, nikawaachia ugomvi wao makusudi, nikafungua faili tena. Ambakisye akafumba macho, shingo ikalegea. Nikafuta, nikasafisha, nikafungua tena. Akaamka. Nilimlaza kaka yangu kwa mkono wangu na nikamwamsha kwa mkono wangu, mpaka nikawa na uhakika kwamba usingizi ule ulikuwa wa mashine na haukuwa wake.

*

Ripoti niliiandika pale pale, hasira imenijaa mpaka kooni, kwa lugha ya studio. Niliandika hivi:

"Katika kipande cha mwisho madereva wawili waligombana. Dereva mdogo ndiye aliyeanza ugomvi. Dereva mkubwa alimzima mdogo, akaendelea kuendesha peke yake mpaka mwisho. Hiyo ndiyo sababu marehemu anaonekana amefumba macho."

Nikaambatanisha video safi, nikaituma mahakamani.

Mahakama ya Barabara ya kwetu husikilizwa na mashine iitwayo Mizani. Hakimu mtu yupo, mama mmoja wa makamo mwenye miwani, kazi yake kutia saini. Wenye malori walilicheka jina hilo lilipoletwa, wakisema sasa hata maneno yatapimwa uzito barabarani pamoja na shehena, lakini kicheko kiliisha mapema. Mizani halali usingizi, hapokei chochote mkononi, hana shemeji. Amelishwa kesi za barabarani tangu enzi za mabasi ya kuendeshwa kwa mikono, kesi za barabarani tu, na Kiswahili chake chote amekitoa humo.

Mama alikaa mstari wa mbele, kitenge amekikaza kifuani, Biblia mapajani. Mama yangu ni mtu wa maneno machache, na sijawahi kumsikia akimlaani hata kuku aliyemlia mbegu zake. Tangu msiba alikuwa akisema mambo ya lazima tu: chumvi imekwisha, funga mlango. Upande wa pili alikaa Mtweve, mrefu, mvi zimechanwa vizuri, ananong'onezana na wakili wake akitabasamu.

"Mahakama imepokea ripoti ya mtazamaji wa familia," Mizani akasema. Sauti yake si ya mwanamke wala ya mwanamume. "Shauri la kusafisha jina la marehemu linasimamishwa. Linafunguliwa shauri la kuua kwa makusudi. Mshitakiwa ni Longino Mtweve."

Ukumbi ukavuma. Tabasamu la Mtweve likabaki usoni kwa muda, limesahaulika pale.

"Ripoti inasema walikuwepo madereva wawili," Mizani akaendelea. "Katika vyeo vya kampuni hii, anayekaa ndani ya lori huitwa dereva mdogo. Dereva mkubwa yuko mmoja, naye ni mshitakiwa. Kamera inaonyesha kiti kimoja tu. Video safi inaonyesha marehemu akizungumza, uso umeelekea kiti cha pili. Mshitakiwa alikuwa wa kwanza kufika eneo la ajali, akiwa na michubuko. Ripoti inasema dereva mkubwa alimzima mdogo na kuendelea kuendesha. Kabla ya hukumu, mtazamaji atathibitisha maneno yake. Akinyamaza, ukimya wake utahesabiwa kuwa ndiyo. Mahakama inapumzika."

Nilichelewa kuelewa. Kisha nikaelewa, na sitadanganya, nilifurahi. Furaha ilinipanda mpaka nikashika kiti.

"Dada," Lusajo akanong'ona nyuma yangu. "Amesikia dereva, akadhani ni dereva wa lori."

"Nyamaza."

"Dada Sekela, hiyo ni maisha. Kuua kwa makusudi ni kifungo cha maisha."

"Nimekwambia nyamaza, Lusajo!"

*

Nilikwenda kuchota maji ya kunywa kwenye ukumbi wa nje, na Mtweve alikuwa amekalishwa kwenye benchi, askari mmoja kando yake. Hakuwa na tabasamu tena.

"Binti yangu," akaniita.

"Mimi si binti yako."

"Sekela, basi. Nisikilize. Dereva wako wewe ni wa kompyuta. Nina mafundi ofisini, wanasema hivyo hivyo kila siku: dereva kagoma, dereva kakorofisha. Waambie hao."

"Niwaambie nini? Mimi ni mtu wa picha. Mambo ya Kiswahili namwachia Mizani."

"Sikuwemo ndani ya lori. Michubuko niliipata nikishuka bondeni kumtoa kaka yako. Mungu anajua."

"Na mimi najua."

Askari akajifanya anaangalia dirishani.

"Unajua?" Mtweve akauliza taratibu.

"Ulikuwa kituoni, kwenye kiti chako, redio mkononi. Najua vizuri sana, Mzee Mtweve, kuliko wote walioko humo ndani. Sasa niambie. Ile video ilipofunguka ofisini kwako, ukamwona amelala, ulisema nini?"

Aliangalia viatu vyake.

"Nilimshukuru Mungu," akasema.

Bilauri ya maji nilikuwa nayo mkononi. Nilitaka kumrushia usoni, bilauri pamoja na maji yake.

"Uliongea naye redioni wakati ule ule! Mtu aliyelala anaongea?"

"Nilijua picha inadanganya. Sikuitengeneza mimi, haki ya Mungu, ilitoka hivyo kwenye mashine ya ofisi. Nikasema basi, imekuja yenyewe, niiache. Lakini nilijua."

"Alikuomba?"

"Aliomba."

"Kwa nini hukumpa?"

Akajifuta uso kwa kiganja. "Kila usukani ukishikwa na mtu, kampuni inapoteza nyota moja ya leseni. Tulikuwa tumebakiza nyota moja. Ikiondoka hiyo, malori yote yanasimama, watu wote wanarudi nyumbani. Nikasema lori litajirekebisha. Huwa linajirekebisha, Sekela. Nilikuwa namwambia, subiri kidogo, kijana wangu, subiri kidogo. Halafu akaacha kuomba."

Aliposema hivyo machozi yalimtoka. Sikumwonea huruma hata chembe. Nilikuwa nimeona midomo ile, yeye aliisikia na sauti yake.

"Nenda ukayaseme hayo humo ndani," nikamwambia. "Kwa mdomo wako mwenyewe, mama yangu akisikia. Alikuwa macho, aliomba, ukamnyima. Ukishasema, ndipo nitafikiria lile neno."

"Nikisema hivyo nitafungwa."

"Utafungwa. Usiposema utafungwa mpaka ufe."

"Na nikisema, utalisahihisha kweli? Niahidi."

"Wewe ulimwambia kaka yangu asubiri kidogo," nikasema. "Na wewe subiri kidogo."

Nikamwacha pale. Maji sikuyanywa, na nilikuwa nimesahau kwamba nilikuwa na kiu.

*

Alisema. Wakili wake alimshika koti kumrudisha kitini, akajikwanyua. Alisimama mbele ya ukumbi mzima akasema Ambakisye alikuwa macho, aliomba usukani, tena aliomba kwa adabu mpaka mwisho, na yeye Longino Mtweve alimnyima kwa sababu ya nyota. Akasema aliiona video akajua inadanganya, na akaitumia. Wale majirani waliokuja kutazama waliinamisha vichwa. Mama alisikiliza bila kupepesa, vidole vyake vimekamata ukingo wa Biblia.

Hapo nilikuwa nimepata nilichokijia. Jina la kaka yangu lilikuwa limesafishwa na mtu yule yule aliyelichafua. Nikaona: sasa ninyamaze tu. Aende maisha. Ningekuwa nimeahidi, ingekuwa uongo, lakini sikuahidi.

"Maelezo ya mshitakiwa yamepokewa," Mizani akasema. "Yanaipa mahakama sababu ya ugomvi, ambayo ilikuwa haipo. Hukumu inasomwa kabla ya kuthibitishwa. Marehemu alitaka usukani, mshitakiwa alimnyima. Dereva mdogo, yaani marehemu, ndiye aliyeanza ugomvi. Alimshambulia mkubwa wake wa kazi lori likiwa mwendoni kwenye mteremko, na kwa kufanya hivyo alichangia ajali. Dereva mkubwa alimzima, akaendelea kuendesha. Mshitakiwa atafungwa maisha. Katika kumbukumbu za barabara, marehemu ataandikwa mchokozi aliyesababisha ajali. Mtazamaji wa familia, unathibitisha?"

Dereva mdogo ndiye aliyeanza ugomvi. Niliandika mimi hilo, kwa vidole vyangu hivi.

Mtamjua vipi Ambakisye, nyie hamkumwona. Tulipokuwa tukigombana utotoni, mimi ndiye niliyerusha vitu. Yeye alikuwa akitoka nje, akachukua shoka akapasua kuni, akirudi ugomvi umekwisha na kuni zipo. Mtu wa namna hiyo, lori linamporomosha, kifo kinamjia, na bado anasema naomba. Sasa aandikwe mchokozi! Wamtoe kwenye usingizi wamtie kwenye ngumi!

Lakini maisha. Jamani, maisha! Nilimtazama Mtweve, naye alikuwa akinitazama mimi, mikono ameishikanisha mbele kama mtoto aliyeitwa na mwalimu. Nilijua nikikaa kimya tu, bila kusema uongo wowote, bila kufungua mdomo, mtu yule hataona tena njia panda ya Makambako. Marehemu haumii kwa kuandikwa vibaya. Mtweve angeumia kila asubuhi. Niliipima hesabu hiyo na ilikuwa tamu, nawaambia. Bado ni tamu.

"Mtazamaji," Mizani akasema. "Ukimya unahesabiwa."

Nikasikia Lusajo akivuta pumzi nyuma yangu. Nikasimama.

"Sithibitishi."

Hakimu mtu akavua miwani. "Eleza, binti."

"Dereva niliyemwandika si mtu," nikasema, na sauti ilitoka na hasira, sikuweza kuizuia. "Ni programu ya kuongoza kadi ya picha, kitu cha ndani ya laptop, hakina mikono wala ugomvi. Mkubwa ni wa kadi kubwa, mdogo ni wa kadi ndogo. Mdogo alipata toleo bovu, wakavurugana, ndiyo yakachorwa macho yaliyofumba. Vitabuni kinaitwa kiendeshi. Andika kiendeshi. Ndani ya lori alikuwemo mtu mmoja, Ambakisye Mwakatobe. Hakugombana na yeyote. Hakulala. Aliomba ashike, hakupewa. Andika hivyo hivyo, aliomba."

Kila neno nililisema nikimwangalia Mtweve, na kila neno nilitamani kulirudisha. Niliona mabega yake yakishuka, pumzi ikimrudia, rangi ikimrudia. Nilimpa mimi pumzi ile. Nilimchukia zaidi wakati ule kuliko siku ya mazishi.

Mizani akaisoma hukumu upya. Marehemu alikuwa macho, alitimiza wajibu wake, hana lawama. Shitaka la kuua kwa makusudi limefutwa. Kwa kumnyima dereva usukani, na kwa kuleta mahakamani picha aliyojua si ya kweli, Longino Mtweve atafungwa miaka mitano. Hakimu akavaa miwani, akatia saini.

Mitano. Atatoka bado ana meno yake.

Alipopitishwa mbele yangu na askari, akasimama. "Ahsante," akasema. "Mungu akubariki, Sekela."

"Potelea mbali," nikamjibu.

*

Nje watu walimzunguka mama. Wale wale wa sokoni, wale wale wa kanisani, wanamshika mikono, pole mama, hongera mama, tulijua tu, Ambakisye hakuwa mtu wa kulala kazini. Tulijua tu! Nilitaka kuwatukana mmoja mmoja. Mama aliwaitikia wote kwa upole mpaka wakaisha, tukabaki wawili kwenye ngazi. Lusajo alikuwa amekwenda kutafuta usafiri.

Nilikuwa nalia, na sikuwa nalia kwa furaha. Mama akaniachia nilie kwanza.

"Lile neno," akasema baadaye. "Walipolielewa vibaya, ulijua?"

"Nilijua, mama. Tangu mara ya kwanza."

"Na Mtweve alijua kwamba unajua."

"Alijua."

"Ungekaa kimya, ilikuwa maisha."

"Ilikuwa maisha, mama. Lakini wangemwandika Ambakisye kuwa ndiye mchokozi. Ningewezaje? Nilikuona umekaa pale mbele, nikasema umeshateseka vya kutosha na jina la mwanao kuchezewa. Nimefanya kwa ajili yako."

Mama akafungua kitenge chake, akakikung'uta, akakifunga upya kiunoni kwa nguvu.

"Ambakisye nilimzaa mimi," akasema. "Walimwandika amelala, nikabaki namjua. Wangemwandika mgomvi, ningebaki namjua. Wangemwandika mwizi na mchawi juu yake, Sekela, mimi ningebaki namjua mwanangu."

Akanitazama, na macho yake yalikuwa makavu kabisa.

"Mimi ningenyamaza."